Pilipili ya Mbu

Siku yangu ya kwanza kazini nusura nimwangushe mtoto wa watu, na sababu ilikuwa mafuta. Mama yake alikuwa amemwogesha asubuhi na mapema, akampakaza kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, akamleta kwetu akimetameta. Nilipomshika chini ya kwapa ili nimtie katika suruali ya mizani, ile ya kitambaa inayoning'inizwa kwenye ndoana, aliponyoka mikononi mwangu kama sabuni. Masœur, mtawa aliyekuwa mkuu wa wauguzi, alimdaka kwa mkono mmoja bila hata kuacha mazungumzo yake na mama mwingine. Mimi nilibaki nimesimama, mikono hewani, nikitamani ardhi inimeze.

Jina langu ni Umba. Nilitoka kaskazini ya Katanga nikiwa bibi arusi wa mchimba shaba, nikaja Kolwezi, nikasomea uuguzi, na maisha yangu yote ya kazi nimewatumikia watoto. Mahali pale pa kupimia watoto uzito na kuwachanja sindano akina mama walipaita "kilo" tu. Mtu akikuambia anakwenda ku kilo, ulijua ana mtoto mgongoni.

Jioni ile Masœur aliniita. Nilidhani nimefukuzwa. Alinionyesha namna ya kumshika mtoto kwa nguo badala ya ngozi, kisha akaniambia jambo ambalo sikulielewa mpaka miaka mingi baadaye. "Umba, usiambie bamama mafuta ni mubaya. Mama akipakala mutoto, anamuonyesha bantu kama anamupenda. Weye umuambie tu namna ya kupakala." Na kweli, kwetu mtoto aliyeogeshwa bila kupakaliwa mafuta ni aibu. Majirani wataanza kuuliza kama mama yake anaumwa, au kama baba amehama nyumba.

Baada ya hapo nilihamishiwa Kisenge, mji wa madini ya manganizi, kwenye zahanati ndogo. Huko mkubwa wangu hakuwa daktari bali Chef wa Usafi, mzee mwenye kofia ya jua na maneno machache, aliyeongoza kikosi cha kupuliza dawa. Wenzangu waliona ni kushushwa cheo. Mimi namshukuru Mungu, kwa sababu mzee yule alinifundisha mbu ni mdudu gani. Alinipeleka kwenye madimbwi, akachota maji kwa kikombe cheupe, akanionyesha viluwiluwi vya mbu vikining'inia vichwa chini, vikivuta hewa juu ya maji. Watu wake walifukia madimbwi, walizibua mifereji, walimwaga oili chafu juu ya maji yasiyofukika, na walipuliza dawa kwenye kuta za nyumba. Kila familia ilijua siku yake, ikatoa vyombo na godoro nje, ikanung'unika, na ikalala vizuri.

Wakati huo wageni kutoka Ulaya walianza kuja na chupa za dawa ya kupaka mwilini ili mbu wasiwaume. Nilimwuliza Chef kwa nini sisi hatuwapi watoto wetu. Alitazama chupa, akainusa, akanirudishia. "Mbu, hatumupiganishaka ku ngozi ya mutoto," alisema. "Tunamupiganishia ku mayi kwenye anazalikia. Ile chupa ni ya siku mambo yote ingine imeshindwa."

Siku hiyo ilikuja. Lakini kabla haijaja nilirudishwa Kolwezi, zahanati ya watoto ya Manika, na hapo ndipo nilipompata Ngalula.

Ngalula alikuwa muuguzi kama mimi, mwenye sauti kubwa na mikono midogo. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai zamani kuja kufanya kazi mgodini, lakini yeye alizaliwa Kolwezi na Kasai hakuwahi kuiona hata kwa kupita na basi. Tulikula pamoja, tulitaniana. Mimi nilisema bukari yake, yaani ugali, ni laini kama uji wa mgonjwa, yeye alisema yangu inafaa kujengea ukuta. Binti yake alipopata mimba, mimi ndiye niliyempima. Nasema haya ili vijana waelewe kwamba hatukuwa makabila mawili yaliyokaa chumba kimoja. Tulikuwa wauguzi wawili wa watoto.

Kisha mambo yakaporomoka. Mgodi ulidorora, magari ya kikosi cha usafi yakakaa juu ya matofali, dawa ya kuta ikaisha na haikuletwa nyingine. Mifereji ya Manika ikaziba, na mbu wakarudi kama wenye nyumba. Na mji ukiwa na njaa, wakatokea watu wa kusimama juu ya viti na kusema kwamba taabu yote ililetwa na watu wa Kasai, warudi kwao. Kwao wapi? Watu walifukuzwa kazini, wakatolewa katika nyumba zao, na majirani waliokula nao Krismasi wakabeba hata milango ya nyumba hizo. Niliona aibu wakati ule, na hadi leo ninapoandika naiona bado.

Familia zile zilikwenda kukaa stesheni kusubiri treni. Treni haikuja. Walilala nje, chini ya maturubai na mashuka, watoto kwa wazee, msimu wa mvua ukiwa umefunguka. Ngalula naye alikuwa kule, pamoja na binti yake aliyekuwa amejifungua katikati ya vurugu hizo mtoto wa kike. Kitovu cha mtoto kilikuwa bado hakijakauka. Walimpa jina la bibi yake, Ngalula, kwa hiyo akawa majina wake, ndivyo tunavyosema kwetu mtu akipewa jina lako. Jirani yangu mmoja aliniambia nikiendelea kwenda stesheni watanihesabu nami kuwa mgeni. Nilimjibu wanihesabu tu, maana mimi ni muuguzi na watoto wanaumwa malaria. Nikaenda. Nilikuwa naogopa, lakini nilikwenda kila siku.

Daktari Mkuu wa watoto, mtu mkali lakini mwenye haki, alikuwa amepokea maboksi ya dawa ya kupaka iliyoachwa na wageni fulani walioondoka mjini kwa haraka. Alitufundisha kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Alisema nguvu ya dawa hizi huandikwa kwa asilimia, na namba kubwa haina maana kwamba mbu watakimbia zaidi, bali kwamba dawa itakaa saa nyingi zaidi mwilini. Chupa kali zilizotengenezwa kwa watu wazima waendao porini alizifungia kabatini mwake. Zile nyepesi alitugawia sisi, na akaonya kwamba mtoto ambaye hajatimiza miezi miwili asipakwe kabisa, huyo ni wa chandarua.

Vizuri. Sasa sikilizeni kosa lenyewe, ambalo nadhani lingeweza kutokea kwetu tu. Juu ya zile chupa kulikuwa na neno la Kifaransa, lait. Maana yake ni maziwa, na iliandikwa hivyo kwa sababu dawa yenyewe ni nyeupe na nyororo. Lakini huku kwetu kila mama anajua lait ya dukani: ni mafuta ya kupakala, ya harufu nzuri, ya wenye nacho. Tuliwaeleza namna ya kuitumia, wakaitikia, wakashukuru. Tulipoondoka wakafanya kile ambacho upendo uliwafundisha. Waliogesha watoto, wakawapakala lait kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, usoni, masikioni, viganjani, juu ya vipele na vidonda, kisha wakawavika nguo juu yake. Hata watoto wadogo waliopewa chupa washike walijipakaza wenyewe.

Asubuhi tulikuta watoto wanalia, macho mekundu kwa sababu walijifikicha kwa mikono iliyojaa dawa. Wengine ngozi iliwawasha chini ya nguo, mahali ambapo dawa ilikaa na jasho usiku mzima. Tuliwaosha kwa maji mengi na sabuni ya kufulia, na namshukuru Mungu hakuna aliyepata shida kubwa. Akina mama walinitazama kwa macho ambayo sijayasahau. Mmoja aliuliza taratibu kama dawa hii imetumwa kuwaua.

Ubaya haukuwa umeisha. Chupa hazikutosha, kwa hivyo familia nyingine ziligawana kwa kumimina katika chupa za Fanta. Tulikuwa tunapita kati ya maturubai, mimi na Ngalula, tukamwona bibi mmoja ameketi kando ya moto na sufuria ya uji wa mjukuu wake. Mkononi ana chupa ya Fanta yenye kitu cheupe. Ameambiwa ni lait. Maziwa, basi. Alikuwa ameshaiinamisha juu ya sufuria.

Ngalula alimfikia kabla yangu. Wauguzi tumefundishwa kueleza mambo kwa utaratibu, lakini hapakuwa na nafasi ya kueleza kitu. Alimshika bibi mkono, akasema neno la kwanza lililomjia.

"Mama, ile ni pilipili."

Bibi aliganda. Aliweka chupa chini mbali na sufuria, akamsukuma mjukuu nyuma kwa kiwiko, akaenda kunawa mikono. Tulimwangalia, kisha tukaangaliana. Kwa neno moja bibi yule alifanya mambo yote ambayo tulihubiri siku nzima bila kusikiwa.

Maana ni mama gani wa Kolwezi anayehitaji kufundishwa pilipili? Pilipili unaishika wewe mtu mzima, humpi mtoto. Unatia kidogo. Huigusishi macho wala kinywa wala kidonda, na huachi viganja vya mtoto viiguse, kwa sababu kiganja cha mtoto kinakwenda kinywani hata kabla hujageuza shingo. Ukimaliza unanawa. Chupa yake unaiweka juu, mbali na ya maziwa. Siku hiyo hiyo tulianza kuita dawa ile pilipili ya mbu, na tukawazuia watu kutamka lait. Aliyesema lait tulimrudisha nyuma ya foleni, na watu walicheka, kitu ambacho hakikuwa kimesikika pale kwa muda mrefu.

Daktari Mkuu hakufurahi. Alisema tunadanganya watu, dawa haina pilipili ndani, na mama akiona haimchomi mtoto atadhani haifanyi kazi na kuongeza, au ataiogopa asiitumie kabisa. Alikuwa na haki. Akina mama wawili watatu walikataa kabisa kuigusa, na watoto wao wakaumwa na mbu mpaka basi. Kwa hiyo tulibadili namna yetu ya kufanya kazi. Kila jioni jua likianza kushuka nilisimama katikati yao, nikatia dawa kidogo katika kiganja changu, nikajipaka kwenye mkono mbele yao wote, nikawaambia watazame kwamba haichomi. Halafu nilimwita mtoto mmoja. Nilianza kwa kiganja changu tena, si kumwagia mtoto moja kwa moja, nikampaka miguu, mikono hadi kifundo, shingo, na kidogo sana nyuma ya masikio. Chini ya nguo hapana. Mwenye kidonda tulipita pembeni. Mara moja jioni, na asubuhi kila mtu bombani na sabuni, kuitoa kabla ya kitu kingine chochote. Na nilikumbuka Masœur. Baada ya kuoga asubuhi niliwaambia sasa wapakale mafuta yao ya kawaida, wamwonyeshe mtoto kwa watu. Walifurahi sana. Tuliondoa hofu bila kuwanyang'anya kazi yao ya kupenda.

Daktari alikuja mwenyewe jioni moja kuona. Alisimama nyuma ya foleni mikono mfukoni. Nilimsikia akimwuliza mama mmoja anachofanya, na mama akamweleza yote bila kukosea. Siku iliyofuata, akiagiza chupa nyingine kutoka stoo, aliniambia nichukue "ile pilipili yenu".

Alibaki mtoto mmoja ambaye pilipili haikumhusu, naye ni majina wa Ngalula. Mashavu yake yalikuwa yameumwa mpaka yamevimba. Binti ya Ngalula, mama yake, aliona watoto wengine wanalala, wake halali, akamwomba mama yake ampake kidogo tu, tone moja kwenye paji la uso. Ngalula alikataa. Binti akalia, akasema mama anasaidia watoto wa watu wote ila wa kwake. Nilimwona rafiki yangu akigeuza uso. Ngozi ya mtoto mchanga inanyonya kila kitu unachoipa, hilo tulilijua sote wawili, na kulijua hakukupunguza uchungu wake hata kidogo. Vyandarua havikuwepo mjini. Vilivyokuwa hospitali vilikuwa vimekwisha kuibwa.

Nilirudi nyumbani nikafungua sanduku langu. Vali yangu ya ndoa, shela niliyofunikwa siku ya arusi, ilikuwa pale, nyeupe, ndefu, ya matundu madogo sana, niliyoitunza nikitarajia binti zangu waivae. Mume wangu aliniona nikiitoa. Alitafuta waya na kuukunja kuwa mapinde ya kuisimamisha juu ya beseni, mahali ambapo mtoto angelala.

Ngalula alipoiona aliitambua mara moja, kwa sababu ndiye aliyenisaidia kuifua na kuianika miaka mingi nyuma.

"Umba, ile ni ya ndoa yako."

"Ndoa iko ku nyumba, anakunja waya," nilimwambia. "Hii ni kitambaa tu."

Tulimlaza mtoto katika beseni, tukaweka mapinde, tukafunika na kuchomeka kingo chini ya godoro dogo ili mbu asipate mlango. Alilala. Binti ya Ngalula alikaa kando akitazama mbu wakitua juu ya kitambaa na kushindwa, na nilimsikia akiwasema mbu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Treni ilikuja hatimaye. Watu walipandishwa katika mabehewa ya mizigo. Ngalula alipanda na beseni, na vali ikiwa juu yake, na chupa mbili za pilipili za watoto wa behewa zima. Alinikumbusha tu nisisahau kumwambia Daktari kwamba foleni ya jioni ya waliobaki ianze kabla mbu hawajaanza yao. Treni ikaondoka, nami nikarudi kazini, kwa sababu hakukuwa na pengine pa kwenda na huzuni ile.

Tulisikia habari za njia ile, za watoto waliozikwa kando ya reli. Sikupata habari za mtoto wa beseni. Simu hazikuwepo, na nani angebeba barua? Niliendelea Manika, kisha nikatumwa Sandoa, ambako niliwafundisha wauguzi vijana wa vijijini kupima uzito wa mtoto bila kumwangusha, na kufundisha pilipili ya mbu, na kila nilipotamka neno hilo nilimwona Ngalula akimshika bibi mkono. Kwa miaka yote hiyo nilibeba swali moja. Nilimwombea mtoto yule bila kujua kama namwombea aliye hai.

Nilistaafu kimya kimya, kama wengi wa rika langu. Hakukuwa na hotuba wala saa ya ukutani. Lakini sinung'uniki. Leo kuna vyandarua katika kila nyumba ya mtaa wangu, na ninyi wauguzi vijana mna dawa bora kuliko zetu. Nawaomba jambo moja. Msome kilichoandikwa kwenye chupa, lakini sikilizeni pia mama anakiitaje. Chupa ikishaingia nyumbani, jina analolitumia mama ndilo litakaloongoza mkono wake.

Na sasa niwaambie la mwisho. Juzi nilipanda pikipiki ya taxi-moto hadi soko la Manika kununua samaki wakavu. Karibu na wauza samaki kuna meza za dawa za kupaka, za rangi zote. Mwanamke kijana mwenye kitenge cha njano alikuwa anabishana na mteja mwenye kichanga mgongoni. Mteja anataka chupa, mwuzaji hataki kumpa. Nilishangaa ni biashara gani hiyo ya kukataa mteja.

"Mama, huyu bado ni mutoto wa kitovu," alisema mwuzaji, bila hasira. "Hatubapakalaka pilipili. Mutafutie moustiquaire, chandarua. Akikomala, ukuye, nitakuuzishia."

Samaki nilisahau. Nilisogea mezani, nikamwuliza ni nani aliyemfundisha kuiita pilipili. Akasema kwao wanaiita hivyo tangu zamani, nkambo yake, yaani bibi yake, alikuwa muuguzi hapa hapa Kolwezi kabla ya mambo yale. Nikamwuliza kama nkambo bado yuko.

"Eko, Mama. Eko Mbuji-Mayi, anatugombezaka kila siku ku telefone. Mi niko majina yake." Akacheka. "Eko na kitambaa moja ya ndoa, ya muntu mwingine. Hakubalake muntu aiguse. Anasema mi njo nililala mule."

Nilishika ukingo wa meza. Alinivutia kigoda, akadhani jua limenipiga, akanipa maji. Niliposema nataka chupa moja ya wajukuu wangu, alinitazama kichwa cheupe, akaona huyu bibi lazima aelezwe vizuri. Akaanza: nitie kwanza kwenye kiganja changu mwenyewe, nisimpe mtoto chupa, nipite mbali na macho na kinywa na viganja, chini ya nguo hapana, kwenye kidonda hapana, nisizidishe, na wakirudi ndani niwaoshe kwa sabuni. Alisema kwa utaratibu, akinionyesha kwa mikono yake midogo. Nilimwacha anifundishe mpaka mwisho, ndipo nikamwambia jina langu.